Sahani ya Ijumaa ya Tisa

Mie si mtu wa kuweka jambo moyoni likaoza. Ukinikanyaga nnasema, ukinikanyaga mara ya pili nnasema kwa sauti. Kwa hivyo haya ya Nasriya na sahani nnayasema wazi, na atakaye kumfikishia amfikishie, atakuwa kanipunguzia mwendo.

Tulifika Ruwi mwaka wa sitini na nne, mie na mume wangu Thani na watoto wawili, tukitokea Unguja na masanduku mawili na godoro moja. Yaliyotutoa Unguja yanajulikana, siyarudii. Kwa nini Ruwi, na wenzetu wengi walibaki Matrah? Kwa sababu babu yake Thani alikuwa mtu wa Ruwi, na hapo aliacha kitu kimoja tu cha maana: zamu ya maji kwenye falaji.

Asiyejua falaji nimweleze. Ni mfereji wa kale, unachukua maji kwenye mlima na kuyaleta kwa handaki, chini kwa chini, mpaka yatokeze penye mashamba. Waliolichimba hilo handaki hata makaburi yao hayajulikani. Maji yakishatokeza hugawiwa kwa zamu: nyumba hii tangu wakati huu mpaka wakati ule, kisha nyumba nyengine. Mwenye zamu ana shamba, ana neno barazani, akitoa salamu huitikiwa. Asiye na zamu ni mgeni, hata akae miaka mia.

Zamu ya babu yake Thani ilikuwa kila siku ya nane, tangu jua kuchomoza mpaka kivuli cha mti wa kupimia kifike jiwe la nne. Baba yake Thani alipokwenda Pemba kutafuta karafuu alimwachia ndugu yake aitumie na kuitunza. Ndugu akafa, zamu ikabaki mkononi mwa mwanawe, Mahfoudh. Hiyo ndiyo tuliyoijia. Hatukuwa na kitu chengine duniani.

Mahfoudh alitupokea vizuri, siwezi kumsingizia. Alitupa chumba nyuma ya shamba lake, kinachotazama njia ya Matrah, akamkumbatia Thani mbele ya watu na kusema, "Ndugu ni kufaana, si kufanana." Thani alipotaja maji, Mahfoudh akamshika bega. "Subiri kidogo, mtoto wa ami yangu. Watu hawajakuzoea. Nikisema leo, watasema nimeleta Mswahili nimgawie maji yao." Basi tukasubiri. Thani akapata kazi Matrah kwenye ghala la tajiri mmoja, kila siku anakwenda kwa miguu alfajiri na kurudi magharibi, na tulisubiri hivyo miaka miwili.

Kilichonifanya nivumilie ni Nasriya, mke wa Mahfoudh. Nasriya ni mtoto wa Malindi, Unguja, kama mie. Tulisoma chuo kimoja, tukapigwa bakora moja, kisha akaja akaolewa Omani tukiwa wasichana, miaka kumi kabla yetu. Siku aliponiona Ruwi alilia mpaka nikaona haya. Mbele ya watu alikuwa bibi wa Kiarabu, hasemi ila Kiarabu. Akifika kwangu, Kiarabu alikivua mlangoni pamoja na viatu, akanyoosha miguu kwenye mkeka akasema, "Haya shoga, nipe habari za watu." Mumewe hakupenda kumsikia akisema Kiswahili. Akimkasirikia humwita Mswahili, na yeye hunyamaza. Mie nikamwambia, ningekuwa mie angejua Mswahili ni nani.

Sasa sikiliza kilichotokea. Ilikuwa mwanzo wa mwaka wa sitini na sita, baada ya mvua. Ile njia inayopita mbele ya chumba chetu ndiyo waliyopita wote wenye kazi Matrah: wapagazi, wauza mboga, makarani, wenye punda, na lori moja bovu. Chini ya njia hiyo, kwa hatua themanini, ndipo linapopita handaki la falaji. Hakuna aliyelifikiria. Nani anafikiria kilicho chini ya miguu yake? Asubuhi moja punda wa mtu mmoja, Bakhit, amebeba papa mkavu, mara akatoweka. Ardhi ilimmeza mpaka masikioni. Watu wakacheka, na mie nikacheka juu ya paa. Walipomtoa tu, kelele zikaanza kule kwenye mashamba, maana maji yaligeuka tope, na mchana yakawa uzi.

Mafundi wa kuchimba falaji walikuwa wamekwisha kwenda Kuweti na Bahareni kutafuta riziki. Waliobaki ni wazee waliojua kusimulia tu. Ndipo Thani akavua kanzu, akafunga shuka, akashuka na taa. Mume wangu alifanya kazi miaka kumi na miwili katika idara ya ujenzi Unguja, kazi yake ikiwa mitaro ya kale iliyo chini ya Mji Mkongwe. Alitumia saa nzima huko chini. Alipotoka, alimwambia Mzee Majid, arifu wa falaji, yaani mwenye kugawa zamu na kuamua magomvi ya maji: "Sheikh, handaki limechoka. Si pale alipoanguka punda tu. Hatua zote themanini zinaning'inia. Mkiziba tundu moja, kesho litaanguka lori."

Jioni ile ile Mahfoudh alikuja kwetu, akakaa kwenye mkeka, mie nimesimama mlangoni nasikia kila neno.

"Thani, Mungu kakufungulia," akasema. "Kwa desturi yetu, mwenye maji akilichimba falaji kwa mkono wake hachukui ujira. Ujira huchukua kibarua, na kibarua hana haki ya maji. Wewe lichimbe kama mwenyewe. Siku ya kufungua, wenye maji husimama mmoja mmoja mbele ya arifu. Utasimama, na mimi nitasimama pembeni yako niseme, haya ni maji ya ami yangu na huyu ni mwanawe. Nani atakataa, na watu wamekuona ndani ya tope?"

Alipoondoka nikamwambia Thani, "Muandikishe."

"Nimuandikishe mtoto wa ami yangu? Mahbuba, una nini?"

"Nna masikio. Muandikishe."

Hakumuandikisha. Kesho yake aliacha kazi ya Matrah.

Kazi ya handaki nilidhani ni kuchimba. Kumbe kuchimba ndiko kwepesi, kazi ni watu. Thani alisema, "Tukiifunga njia moja kwa moja, watu watatutukana mpaka kaburini. Tukiiacha wazi, punda atatuangukia kichwani." Basi akazigawa zile hatua themanini mafungu manne, alitengeneze moja moja. Njia itakuwa wazi tangu alfajiri mpaka jua lipande kidogo, waende wenye kwenda Matrah. Kisha inafungwa, na yeye na watu wake wanane, wenye maji wengine na vibarua wao, wanashuka. Baada ya alasiri wanatoka, inafunguliwa, warudi wenye kurudi. Mwenye shida ya katikati azunguke kwenye wadi, bonde la mto mkavu, achelewe nusu saa.

Lakini aliye chini haoni nani anakuja juu, na aliye juu haoni kwamba chini pana mtu. Hapo ndipo nilipoingia mie. Paa letu linaonekana toka mbali, pande zote mbili za njia. Nilikuwa na kanga moja nyekundu, mpya, nimeificha tangu Unguja kwa ajili ya harusi ya binti yangu. Nikaitoa. Kanga nyekundu ikiwa juu, simameni, chini pana roho za watu. Shuka nyeupe ikiwa juu, piteni.

Lo, nilivyotukanwa! Siku ya kwanza bibi mmoja muuza figili na vitunguu, jina lake Shaikha, alitua kikapu akanielekezea kidole juu ya paa. "Wewe Zinjibariya, nani kakupa ufalme wa njia?"

Kiarabu changu kilikuwa kibovu lakini hasira hazina sarufi. "Mume wangu yuko chini ya miguu yako, bibi. Ukitaka kunifanya mjane, pita!"

Akautazama mchanga alipokanyaga. Akarudi nyuma hatua moja, kisha mbili, akakaa juu ya jiwe akingoja. Kutoka siku ile alikuwa askari wangu. Dereva wa lori akipiga honi, yeye ndiye anayemfokea: "Huna macho? Huioni nguo?" Wiki ya tatu watu walishazoea. Nnawasikia alfajiri wakiulizana, "Ya Zinjibariya ni ipi leo?" Nikaona raha, sikufichi. Miaka miwili nimeishi pale hakuna anayenijua, sasa watu mia hawavuki bila ya kunitazama mie.

Na chini walifanya kazi, Mungu shahidi. Thani alichoma udongo kwa magogo ya mitende siku tatu tatu mpaka ukawa saruji ya kale, ile ambayo maji huikaza badala ya kuila. Alisimamisha boriti za mikoko, mie nikamtania, "Hizo nazo zimetoka kwetu, na zimepewa kazi kabla yako." Alikuwa anatambaa kwa tumbo. Wiki ya tano kipande cha dari kilimwangukia begani, akatoka hana ngozi, akafungwa kitambaa akarudi. Nikamwambia pumzika. Akasema, "Kibarua ndiye anayepumzika. Mie nnachimba kwa maji yangu."

Sasa nije kwenye sahani.

Ijumaa ya kwanza, siku isiyo na kazi, Nasriya alikuja na sahani kubwa ya wali na nyama, na nyuma yake watumishi wawili wa shamba la Mahfoudh wamechukua kikapu cha tende. Wakakitua mlangoni wakaondoka. "Hidaya ya watoto," Nasriya akasema. Nikashukuru. Thani haleti riziki tena, na ndugu kakumbuka. Kuna ubaya gani hapo?

Na kwetu, kila mtu anajua, sahani ya jirani hairudi tupu. Hata ukiwa huna kitu utatia chumvi, utatia ndimu mbili. Kurudisha sahani tupu ni kumwambia mtu, sitaki tena ujirani wako. Basi nilimrejeshea na mkate wa kumimina. Ijumaa ya pili nikatia kaimati, ya tatu sambusa, ya nne vibibi, nazi kavu nimeagiza Matrah kwa jasho. Namna hiyo mpaka ya nane. Na sahani ya kurudisha hufunikwa kitambaa, hiyo pia ni adabu, usimtangazie mtu njiani umempa nini. Nasriya mwenyewe akija kuichukua, huitia chini ya shela yake akaenda nayo.

Siku moja nikamuuliza, "Na Mahfoudh vibibi vyangu anavionaje?"

"Hata havioni," akasema, akicheka. "Nnakula peke yangu jikoni, mlango nimefunga. Akiviona atasema vyakula vya Waswahili. Shoga, nikila kaimati zako nnamuona mama yangu."

Nikafurahi. Mpumbavu mie, nikafurahi.

Ijumaa ya nane alikuja macho mekundu. Nasriya alikuwa na shamba lake mwenyewe la ndimu, alilopewa mahari. Akakaa kwenye mkeka, akasema, "Mahbuba, mkipata maji yenu, ndimu zangu zitakunywa nini?" Kwani zilikuwa zikinywa zamu yetu, kumbe. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Shoga, tutagawana. Nnaweza kula ndimu na wewe ukawa huna?" Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani yamekwisha.

Ijumaa ya tisa alileta wali katika sahani ambayo hajawahi kuitoa nje: ya kaure, ina maua ya buluu, imemeguka kidogo ukingoni. Ni ya mama yake, alikuja nayo toka Malindi imefungwa ndani ya nguo. Kesho yake Jumamosi ndiyo siku ya kufungua maji. Nikasema sahani hii haitarudi na kitu cha hivi hivi. Usiku nikakanda unga wa visheti.

Jumamosi asubuhi shuka nyeupe ilikuwa juu ya paa, na haikuteremka. Watu wote walikuwa wamekusanyika penye ukuta wa msikiti, pale maji yanapotokeza. Wanaume mbele, sisi wanawake nyuma ya ukuta mfupi, tunaona na kusikia. Walioko safarini kwenda Matrah walisimama na punda wao kutazama. Thani na watu wake wakatoa kizuizi kule juu. Tukangoja. Kwanza ilikuja pumzi ya baridi katika mdomo wa handaki. Kisha mchanga, kisha maji, machafu, halafu meupe, halafu mengi, mpaka wazee wakasema hawajayaona hivyo tangu ujana wao. Shaikha alinipigia kigelegele sikioni. Mie nikalia.

Mzee Majid akawaita wenye maji. Kila mmoja akasimama, akasema, "Nimechimba kwa maji yangu," au kama alitoa kibarua badala yake, akasema hivyo. Jirani au ndugu akamshuhudia. Ikafika zamu ya Thani. Akasimama, bega lake bado limefungwa kitambaa.

"Nimechimba kwa maji yangu," akasema. "Maji ya baba yangu."

"Nani anakushuhudia?" Majid akauliza.

Mahfoudh akasimama. Nikasema alhamdulillahi, kwa sauti kabisa.

"Thani ni mtoto wa ami yangu," Mahfoudh akasema. "Damu siikatai. Ama maji, mimi siyajui ila kuwa ni yangu, niliyarithi kwa baba. Alichimba kwa niaba yangu, na ujira wake nimempa. Kila Ijumaa, chakula na tende. Watumishi wangu wawili walibeba, na nyote mmewaona wakipita."

Wale watumishi wawili wakasema ndiyo, tulibeba, Ijumaa tisa. Thani alikuwa anamtazama Mahfoudh kama mtu anayengoja mwenzake amalize mzaha.

"Thani," Majid akasema, na sauti yake haikuwa na furaha, "umekula?"

Mtu mwengine angekataa. Mume wangu hajui kusema uwongo, na siku ile nilimchukia kwa hilo. "Nimekula," akasema. "Ilikuwa hidaya ya ndugu."

"Hidaya na ujira vyote huliwa. Una lipi la kutenganisha?"

Hapo sikuweza. Nikapanda juu ya jiwe, nikatoa kichwa juu ya ukuta, mwanamke mbele ya wanaume wote wa Ruwi. "Mzee Majid, niwie radhi, lakini kibarua hamrudishii bwana wake chakula! Kila sahani iliyokuja kwangu ilirudi imejaa. Mikate, kaimati, sambusa, vibibi, sahani nane. Ujira haurudishiwi. Hidaya ndiyo inayorudishiwa. Muulizeni aliyezichukua, huyu hapa, Nasriya!"

Majid akafikiri. Wazee wakanong'onezana, nikaona vichwa vinakubali. Mmoja akasema, "Mwanamke kasema neno." Majid akageukia ukuta. "Mke wa Mahfoudh, mbele ya Mungu. Sahani zilirudi na nini?"

Nasriya alikuwa mkono wangu wa kushoto, karibu kiasi cha kusikia harufu ya udi wake. Nikamtazama. Nilikuwa na tabasamu usoni, wallahi, tabasamu, kwa sababu nilijua tumeshapona. Mahfoudh hajui lolote kuhusu kaimati, nje ya nyumba yangu hakuna anayejua ila Nasriya na Mungu. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa upole, "Sema, shoga."

Hakunijibu kwa Kiswahili. Alisema kwa Kiarabu, kile kizuri, kila mtu asikie.

"Sahani zilirudi tupu."

Shaikha akasema, "La ilaha illallah." Mie Mahbuba, niliyesimamisha lori na punda, nilikosa neno. Maji ningeweza kuyapoteza, watu hupoteza maji. Lakini yeye alijua maana ya neno lile. Hao wengine wote waliona ni habari ya vyombo. Yeye peke yake pale alijua amesema mie ni mtu wa namna gani, na kwamba ujirani wetu wote, na mkeka wangu, na machozi yake, havikuwahi kuwapo.

Majid akahukumu kama alivyosikia: Thani alikuwa kibarua, amelipwa, hana zamu. Wakaendelea na jina linalofuata.

Nyumbani Thani alikaa kwenye godoro akitazama viganja vyake. Nilimpigia kelele mpaka koo likakauka. Nilikwambia muandikishe! Nilikwambia! Alasiri akaamka, akavaa kanzu. Nikadhani anakwenda kumpiga Mahfoudh, nikasema moyoni, ewe Mola, mpe nguvu. Kumbe anakwenda kwa Majid kumwambia kwamba boriti ya fungu la tatu itazamwe kabla ya mvua, isije ikaanguka na watu. "Wapitao juu hawana kosa," akasema. Asante ya punda ni mateke, na yeye anarudi kumpapasa punda. Nikamwacha aende.

Visheti nilivyokaanga usiku vilikuwa bado kwenye ungo, sukari imevigandia vizuri. Niliwapa watoto, vyengine nikampelekea Shaikha. Kisha nikaiosha ile sahani ya maua ya buluu. Nikaikausha mpaka ikang'ara.

Nilingoja alfajiri, saa ya watu kwenda Matrah. Nikaiteremsha shuka paani, nikaikunja pamoja na kanga nyekundu, nikaviweka ndani ya sanduku, maana tulikuwa tunahama siku hiyo. Njia ilijaa wapagazi na punda, na Bakhit na papa wake. Nikatoka na sahani mkononi, haina kitambaa, nimeishika kwa mbali kama mtu anayeonyesha kioo. Nikapita katikati yao wote, juu ya lile handaki la mume wangu, hatua zote themanini. Walinipisha, na aliyetaka kuona aliona.

Nasriya alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa hajalala, macho yamevimba. Akaiona sahani, akainyooshea mikono miwili, kwa mazoea, akijiandaa na uzito. Nikampa. Mikono yake ilipanda juu kidogo, kwa kuwa hapakuwa na uzito wowote. Akatazama ndani, akatazama tena.

"Mahbuba," akasema, kwa Kiswahili, "shoga, haina kitu."

"Haina," nikamwambia. "Ulisema uwongo mbele ya Mungu, Nasriya. Nimekuja kuufanya kweli."